Kupima malale kwa kipimo cha haraka cha damu: mwongozo kamili kwa mhudumu wa kituo cha afya

Kipimo cha haraka cha malale hutumia tone la damu ya kidoleni, hakihitaji umeme, na majibu yake husomwa baada ya robo saa. Kwa sababu hiyo kimeweza kufika katika zahanati za vijijini ambako zamani mgonjwa alilazimika kusubiri timu ya uchunguzi ipite na gari lake, jenereta yake na darubini zake. Urahisi huo una hatari yake. Kipimo hiki hakithibitishi kwamba mtu ana malale, bali kinamtenga yule ambaye lazima achunguzwe zaidi, na kituo kisichoelewa tofauti hiyo kinaweza kumtibu asiyeumwa au kumrudisha nyumbani anayeumwa. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia swali la kama kipimo kinafaa kutumika mahali ulipo hadi hatua zinazofuata majibu yakishatoka.

Malale ya aina gani?

Malale huletwa na vimelea vya Trypanosoma brucei, ambavyo binadamu huambukizwa anapoumwa na mbung'o. Aina mbili za vimelea hivyo ndizo zinazomfanya mtu augue. Gambiense inapatikana Afrika Magharibi na ya Kati, na ndiyo inayosababisha wagonjwa walio wengi, hasa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Rhodesiense inapatikana Afrika Mashariki na Kusini, zikiwemo Tanzania, Malawi na Zambia, na hujihifadhi katika wanyama wa porini na ng'ombe. Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili: gambiense upande wa kaskazini-magharibi, rhodesiense upande wa kusini-mashariki na maeneo ambayo ng'ombe walioambukizwa wamehamishiwa.

Vipimo vya haraka vilivyopo vimetengenezwa kwa ajili ya gambiense peke yake. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo mhudumu anapaswa kulikariri, kwa maana kipimo kikitumika kwa mchungaji wa Kigoma au mwindaji wa bonde la Luangwa nchini Zambia kitatoa majibu hasi ambayo hayana maana yoyote. Katika maeneo ya rhodesiense njia sahihi ni kuangalia damu kwa darubini moja kwa moja. Kwa bahati nzuri, katika aina hiyo vimelea huwa vingi zaidi kwenye damu, na mara nyingi mtaalamu wa maabara huviona katika slaidi ileile aliyoiandaa kwa ajili ya kutafuta malaria, mradi awe anajua kwamba vinaweza kuwepo. Rhodesiense huenda kasi na inaweza kuua katika kipindi cha wiki au miezi michache, kwa hiyo muda unaopotea kwa kipimo kisichohusika ni muda wa uhai wa mgonjwa.

Basi kabla ya kufungua pakiti yoyote, muulize mtu ameishi wapi, amesafiri wapi na anafanya kazi gani. Usiulize miezi ya karibuni tu. Gambiense inaweza kukaa mwilini kwa miezi mingi, hata miaka, kabla dalili hazijawa nzito, na mtu aliyeondoka eneo la maambukizi zamani bado anaweza kuwa nayo.

Nani apimwe

Kuna namna mbili za kuwapata watu wa kupima. Katika namna ya kwanza timu huenda kijijini na kumpima kila aliyejitokeza, awe na dalili au asiwe nazo, kwa kuwa mwenye gambiense ya hatua ya mwanzo anaweza kuwa analima na kuvua kama kawaida. Katika namna ya pili kituo humpima mgonjwa aliyekuja mwenyewe akiwa na dalili zinazotia shaka, na hapa ndipo umakini wa mhudumu unapohitajika zaidi.

Dalili za mwanzo hazina upekee: homa inayokuja na kuondoka, kichwa kuuma, maungo kuuma, kuwashwa mwili na kupungua uzito. Tezi zilizovimba nyuma ya shingo ni ishara muhimu ya gambiense, na hazionekani kwa macho kila mara, hivyo ziguse kwa vidole. Baadaye, vimelea vikishaingia kwenye mfumo wa neva, mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, hubadilika tabia, huchanganyikiwa, hutetemeka, huyumba anapotembea au hupata degedege. Familia nyingi hufika zikieleza kwamba ndugu yao amerukwa na akili au amerogwa, na mhudumu asiyeuliza habari za usingizi huweza kuandika rufaa ya magonjwa ya akili.

Mtu anayestahili kupimwa mara moja ni yule mwenye homa isiyokoma ambaye kipimo cha malaria ni hasi, au aliyekunywa dawa za malaria ipasavyo bila kupata nafuu. Hapa pana mtego usiojulikana na wengi. Wagonjwa wa malale wanaweza kutoa majibu chanya ya uongo katika vipimo vya haraka vya malaria, jambo lililoonekana katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Kwa hiyo mstari wa malaria ulioonekana leo usikuzuie kufikiria malale mgonjwa huyohuyo akirudi wiki ijayo na homa ileile.

Kipimo kinatafuta nini

Kipimo hakitafuti vimelea, bali kingamwili ambazo mwili umetengeneza dhidi yake. Vimelea vya malale vina koti la protini ambalo vimelea hivyo hulibadilisha mara kwa mara ili kukwepa kinga, na ndiyo maana hakuna chanjo hadi leo. Hata hivyo baadhi ya makoti hayo hujitokeza mapema katika maambukizi ya gambiense na kwa karibu wagonjwa wote. Mawili kati ya hayo, yanayoitwa LiTat 1.3 na LiTat 1.5, ndiyo yaliyopakwa kwenye utepe wa vipimo vya haraka vilivyoanza kupatikana mwanzoni mwa muongo wa 2010. Katika kipimo kiitwacho SD Bioline HAT kila antijeni (yaani kila protini ya koti inayotumika kunasa kingamwili) ina mstari wake. Katika kingine kiitwacho HAT Sero-K-SeT zimechanganywa katika mstari mmoja.

Kabla ya hapo kazi hii ilifanywa na CATT, kipimo cha kugandisha kwenye kadi kilichobuniwa mwaka 1978, na bado timu zinazopima watu wengi kwa siku moja hukitumia. CATT ni rahisi kwa gharama pale foleni inapokuwa ndefu, ila kinahitaji kuhifadhiwa kwenye baridi, kinahitaji kifaa cha kuizungusha kadi, na chupa moja ikishachanganywa hutosha watu wapatao 50 na haifai kuwekwa kwa muda mrefu. Zahanati inayopima watu wawili kwa mwezi ingemwaga karibu chupa nzima kila mara.

Kwa kuwa kinachotafutwa ni kingamwili, mambo mawili hufuata, na hayo ndiyo yanayoeleza karibu kila utata utakaokutana nao. Kwanza, mtu aliyeambukizwa karibuni sana anaweza kuwa hajatengeneza kingamwili za kutosha, hivyo akatoka hasi. Pili, mtu aliyewahi kuugua na kupona anaweza kuendelea kutoka chanya kwa miaka.

Kuandaa vifaa

Soma tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pakiti ya kila kipimo, wala usiridhike na ile ya kwenye boksi. Vipimo vingi vya aina hii huvumilia joto la hadi nyuzi 40, lakini stoo iliyoezekwa kwa bati hupita kiwango hicho mchana wa kiangazi, kwa hiyo boksi likae mahali penye kivuli na hewa, mbali na paa. Kama pakiti ilikuwa kwenye ubaridi, iache ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo unyevu utaingia kwenye utepe. Ukifungua, angalia kifuko cha kukausha unyevu kilichomo ndani: kikiwa kimeonyesha unyevu au pakiti ikiwa imetoboka, tupa kipimo hicho.

Andaa glavu, pamba, spiriti, lanseti mpya (kisindano cha kutobolea kidole), mrija wa kupimia damu uliokuja na kipimo, chupa ya bafa (kimiminika kinachoongezwa kwenye damu) ya boksi hilohilo, saa yenye kuonyesha dakika, kalamu isiyofutika, rejesta na kasha la vitu vyenye ncha kali. Usichukue bafa ya kipimo cha malaria wala ya kipimo cha virusi vya UKIMWI, hata kama chupa zinafanana. Kosa hilo hutokea zaidi kuliko wasimamizi wanavyodhani, na utepe hautakuambia kwamba umelifanya.

Kupima, hatua kwa hatua

Mweleze mtu kwanza unachokwenda kufanya na maana ya majibu. Sema waziwazi kwamba majibu chanya yatahitaji uchunguzi mwingine siku hiyo au kwa rufaa, ili asije akatoweka kwa hofu baada ya kuona mstari. Kisha andika jina au namba yake na saa kwenye kaseti, yaani kibebeo cha plastiki chenye utepe wa kipimo, kabla ya kumtoboa. Kaseti mbili zisizo na maandishi mezani ni tatizo lisilo na dawa.

Vaa glavu. Chagua kidole cha kati au cha pete cha mkono asioutumia sana, kisafishe kwa spiriti, na uache kikauke chenyewe, kwa kuwa spiriti iliyobaki huharibu damu. Toboa pembeni ya ncha ya kidole, mahali pasipo na maumivu makali kama katikati. Futa tone la kwanza kwa pamba kavu, kisha acha tone la pili lijikusanye bila kukikamua kidole kwa nguvu.

Gusisha mrija kwenye tone na uujaze hadi kwenye alama. Kwa SD Bioline HAT kiasi ni mikrolita 20, ambazo huwekwa kwenye kitundu cha sampuli na kufuatiwa na matone manne ya bafa. Vipimo vya watengenezaji wengine vina viwango vyao, na hata mtengenezaji mmoja anaweza kubadilisha kiwango toleo jipya likitoka, hivyo fuata karatasi iliyomo katika boksi ulilolifungua siku hiyo. Ishike chupa ya bafa wima kabisa, kwa maana ikiinama matone hutoka madogo. Damu ikizidi, utepe hubaki mwekundu na mistari hufichika. Ikipungua, mstari hafifu wa mgonjwa wa kweli unaweza usitokee kabisa.

Washa saa mara tu baada ya tone la mwisho. Kaseti ilale mahali tambarare na isiguswe. Kwa SD Bioline HAT majibu husomwa baada ya dakika 15 na yasisomwe tena baada ya dakika 20. Mstari uliojitokeza saa moja baadaye, kaseti ikiwa imesahaulika dirishani, si majibu.

Kusoma majibu

Anza na mstari wa C. Usipotokea, kipimo hakikufanya kazi, hata kama mistari mingine imeonekana. Rudia kwa kaseti mpya. Mstari wa C ukiwepo peke yake, majibu ni hasi. Mstari wa C ukiambatana na mstari wowote wa kipimo, iwe namba 1, namba 2 au yote miwili, majibu ni chanya.

Mstari hafifu ni chanya. Nalisisitiza hili kwa sababu hata wapimaji wenye uzoefu mkubwa huweza kulikosea, wakijiambia kwamba mstari mwembamba kama ule hauwezi kuwa ugonjwa. Soma penye mwanga wa mchana au tochi nzuri, na panapowezekana mpimaji wa pili asome bila kuambiwa mwenzake ameona nini. Andika majibu kwenye rejesta pamoja na mistari iliyoonekana na ukali wake, kisha tupa lanseti kwenye kasha lake na kaseti kwenye taka zenye maambukizi.

Kwa nini chanya si malale bado

Tuseme timu imepima watu 5,000 katika eneo ambalo wagonjwa wa kweli ni wawili, kwa kipimo kinachowatambua wasioumwa kwa usahihi wa asilimia 98, kiwango ambacho ni kizuri sana. Asilimia mbili iliyobaki ya watu wasio na ugonjwa ni karibu watu 100. Timu itarudi na majibu chanya kama 102, na wagonjwa ndani yake ni wawili tu. Kadiri malale inavyopungua ndivyo uwiano huo unavyozidi kuwa mbaya, bila kipimo chenyewe kuwa na hitilafu yoyote. Na malale imepungua kweli: mwaka 1998 waliripotiwa wagonjwa karibu 40,000, lakini tangu mwaka 2018 idadi ya kila mwaka imekuwa chini ya 1,000.

Kwa hiyo usianze dawa kwa sababu ya mstari tu, isipokuwa mwongozo wa nchi yako umeruhusu hivyo kwa hali maalumu. Mtu chanya huchunguzwa kwanza ili vimelea vionekane.

Kuthibitisha kwa darubini

Kama ana tezi zilizovimba shingoni, anza hapo, kwa kuwa njia hii ni nafuu na ya haraka. Tezi hushikwa kwa vidole, huchomwa kwa sindano isiyo na bomba, na hukandwa taratibu ili majimaji yaingie ndani ya sindano. Kisha hupulizwa kwenye slaidi, hufunikwa na kuangaliwa papo hapo. Vimelea hai hujinyonganyonga na kuzisukuma seli zilizo jirani, na mwendo huo ndio unaomwezesha mpimaji kuvitambua. Slaidi iliyoachwa ikakauka mezani haina tena kitu cha kujinyonganyonga.

Asipokuwa na tezi, au majimaji yakiwa hasi, damu huchunguzwa. Kuangalia tone la damu mbichi hakutoshi kwa gambiense, kwa kuwa vimelea huwa vichache mno: njia hiyo huhitaji vimelea kama 10,000 katika mililita moja ili vionekane. Kuzungusha damu kwenye mirija myembamba na kuangalia mpaka kati ya seli nyekundu na plazma hushusha kiwango hicho hadi kama 500. Njia bora zaidi kwa vituo vya rufaa na timu za kutembea ni mAECT, ambayo hupitisha damu katika safu ya selulosi yenye chaji. Seli nyekundu hunaswa humo, vimelea hupita, na vinavyokusanywa chini huzungushwa na kuangaliwa. Huweza kugundua vimelea vilivyo chini ya 50 katika mililita. Zahanati isiyo na njia hizi imwandikie mtu rufaa ya kwenda kituo kinachozifanya, na ihakikishe kwamba amefika. Kwa maoni yangu hapo ndipo kazi yote inapovuja: kaseti husomwa vizuri, karatasi ya rufaa huandikwa vizuri, na mtu haonekani tena kwa sababu nauli hakuna au shamba linamsubiri. Mhudumu anayechukua namba ya simu ya jirani na jina la kitongoji atafanikisha zaidi kuliko anayejaza fomu peke yake.

Panapokosekana vimelea ingawa kipimo cha haraka ni chanya, damu hudondoshwa kwenye karatasi maalumu ya kunyonya, hukaushwa kivulini, hufungwa pamoja na kikausha unyevu na kupelekwa maabara ya rejea, kama INRB, taasisi ya utafiti ya Kinshasa, au CIRDES, kituo cha utafiti cha Bobo-Dioulasso nchini Burkina Faso, ambako hufanyiwa kipimo cha tripanolisisi. Humo kingamwili za mtu huwekwa pamoja na vimelea hai ili kuona kama zitavipasua. Akitoka chanya huko, aendelee kufuatiliwa na kuchunguzwa upya kwa darubini hata kama hana dalili.

Majibu hasi nayo yana masharti

Mtu mwenye majibu hasi na asiye na dalili aruhusiwe. Mwenye majibu hasi lakini dalili zinatia shaka kubwa, hasa tezi za shingo au mabadiliko ya usingizi, achunguzwe kwa darubini vilevile, au arudiwe baada ya wiki kadhaa. Kuna pia vimelea vya gambiense, vilivyoripotiwa Kameruni, visivyo na jeni ya LiTat 1.3, na wagonjwa wake wanaweza kukosekana katika vipimo vinavyotegemea antijeni hiyo.

Baada ya kuthibitisha

Mgonjwa aliyethibitishwa hupelekwa kwa daktari anayeijua kazi hii. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wa gambiense baada ya kupatikana kwa feksinidazoli, dawa ya vidonge inayomezwa kwa siku 10 pamoja na chakula. Kabla ya hapo karibu kila mgonjwa alichomwa kiunoni ili maji ya uti wa mgongo yapimwe na hatua ya ugonjwa ijulikane. Sasa mwenye umri wa miaka 6 au zaidi na uzito wa kilo 20 au zaidi, asiye na dalili za ugonjwa mzito wa ubongo, anaweza kuanzishiwa vidonge bila kuchomwa. Wenye dalili hizo bado hupimwa maji ya uti wa mgongo, na wenye seli nyeupe 100 au zaidi katika mikrolita moja hupewa mseto wa nifurtimoksi na eflonithini kama chaguo la kwanza. Watoto wadogo wana taratibu zao. Vidonge vimezwe mbele ya mhudumu, kwa sababu dozi zilizorukwa, au zilizomezwa tumbo likiwa tupu, zinaweza kuacha vimelea vikiwa hai.

Ufuatiliaji huendelea hadi miezi 24, na katika kipindi hicho kipimo cha haraka hakina kazi tena kwa mtu huyo. Kingamwili zake zitaendelea kuchora mstari hata akiwa amepona kabisa, kwa hiyo kurudi kwa ugonjwa hutafutwa kwa dalili, kwa darubini na, ikibidi, kwa maji ya uti wa mgongo. Andika kwenye kadi yake, kwa herufi zinazoonekana, kwamba amewahi kutibiwa malale na mwaka wa matibabu, ili timu nyingine itakayopita kijijini isimwanzishe upya kama mgonjwa mpya.